Jino la Gundi, Fundi wa Vitabu

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Aliye jikoni apunguze moto, aliye barabarani asogee pembeni kidogo. Leo tunamkumbuka fundi wa kujalidi vitabu. Alikuwa na miaka arobaini na sita. Alikuwa mume wa mtu, baba wa binti mmoja, na kifungua mimba wa mama yake. Alifariki mwaka huu, siku ya Jumatano, saa tisa alasiri. Kilichomuua ni ini kushindwa kufanya kazi kwa ghafla. Na kilicholiangusha ini lake ni dawa za kutuliza maumivu ya jino.

Narudia, kwa aliyefungua redio sasa hivi. Hakunywa sumu. Hakutaka kufa. Jino lilimuuma, akanywa dawa zile zile ambazo mimi na wewe tunazo kwenye droo. Alizinywa nyingi mno, kwa siku nyingi mno, tumbo likiwa tupu.

Habari hizi tumeletewa na mdogo wake, dada mtu, anayeuza dawa kwenye duka la dawa. Ndiye aliyempa. Alituandikia barua ya kurasa tano, na mwisho wake akaweka ombi moja: "Msinitetee. Semeni kama ilivyokuwa." Basi tutasema kama ilivyokuwa.

Marehemu, watu wote walimwita Gundi. Hata mkewe alimwita hivyo. Vidole vyake havikuwahi kuwa vikavu. Ukimpa mkono, mkono wako ulichelewa kurudi. Alifanya kazi miaka ishirini na miwili kwenye kiwanda kidogo cha uchapishaji, chumba cha nyuma, penye meza ndefu iliyochimbika katikati kwa kukatiwa karatasi. Mashine zilichapa, lakini ni Gundi aliyezifanya karatasi ziwe kitabu. Alizikunja, akazishona kwa sindano, akazibana, akapaka gundi mgongoni, akavika jalada. Alikuwa akisema kitabu ni kama mtu: kikivunjika mgongo, hata kikijaa maarifa, kitalala chini tu.

Watu walimletea vitabu vyao vilivyochakaa. Siku moja mwalimu mmoja alileta kamusi iliyonyofolewa kurasa zote za herufi M. Gundi akaipindua, akatikisa kichwa. "Mwalimu, kamusi hii haina mama, haina mke, haina mshahara. Sasa unaishije?" Mwalimu akamjibu, "Haina matatizo pia." Wanasema Gundi alicheka mpaka akaweka sindano chini. Kisha akamjalidia ile kamusi bila M, na kwenye pengo akashonea karatasi nyeupe, ili mwalimu aziandike mwenyewe polepole.

Huyo ndiye Gundi. Sasa dada yake.

Dada mtu alimfuata Gundi kwa miaka tisa. Baba yao alipofariki, Gundi ndiye aliyempeleka shule kwa mkono. Madaftari yake yalikuwa na majalada magumu, mpaka darasa zima likayaonea wivu. Alipomaliza mafunzo ya utoaji dawa na kupata cheti, Gundi alikizungusha kile cheti kiwanda kizima. Kuanzia siku ile akampa jina: Bibi Dawa. Alijisifu kwa kila mtu. "Mimi siumwi ovyo. Nina Bibi Dawa wangu." Dada mtu alilipenda jina hilo. Anasema leo akilisikia, anatamani ardhi ipasuke.

Jino lilianza siku ya Jumatatu. Gego la chini, upande wa kushoto. Lilikuwa limetoboka siku nyingi, lakini Gundi hakuwa mtu wa kwenda kwa daktari wa meno. Akiwa na miaka kumi aling'olewa jino huku wajomba wawili wamemshika miguu, akaapa kwamba yaliyobaki atazikwa nayo. Na wiki ile kiwanda kilikuwa na vitabu mia sita vya darasa la nne, na shule zilikuwa zinafunguliwa Jumatatu inayofuata. Nani angeshona?

Mchana wa Jumatatu akafika duka la dawa, shavu limevimba. Dada yake alikuwa kaunta, foleni imefika mlangoni.

"Bibi Dawa, niokoe."

"Nenda kang'oe, kaka."

"Nitang'oa Jumatatu. Vitabu vikishatoka."

Akampa pakiti nyeupe, parasetamoli ya kawaida. Viwili kila baada ya saa sita, akamwambia. Hapo, wasikilizaji wapendwa, alisema sawasawa.

Jumanne Gundi akarudi. Zile nyeupe hazifiki, akasema, zinaishia njiani. Dada mtu akampa pakiti nyekundu, za maumivu makali. Ndani yake mna parasetamoli pia, pamoja na dawa nyingine ya kuisaidia. Alilijua hilo. Limeandikwa kwenye boksi kwa herufi ndogo, na alilisoma chuoni kwa herufi kubwa. Lakini hakumwambia aache zile nyeupe. Kulikuwa na mama mwenye mtoto analia, kulikuwa na simu inaita. Alidhani kaka yake ataelewa kwamba hizi ni badala ya zile.

Gundi hakuelewa hivyo. Kwake, nyeupe zilikuwa nyeupe na nyekundu zilikuwa nyekundu.

Jumatano akaja mara ya tatu. Sasa pua imeziba, kichwa kizito, maumivu yamepanda mpaka sikioni. Dada mtu akampa dawa za unga za mafua, zile za kukoroga kwenye maji ya moto. Nazo zina parasetamoli, na kila pakiti ni sawa na vidonge viwili. Gundi akauliza, na hili dada mtu amelipigia mstari kwenye barua, "Si nyingi hizi?"

Naye akamjibu bila kuinua macho: "Kunywa tu, kaka. Hizi haziui mtu."

Maneno sita, hata ukiyahesabu kwa haraka. Anasema ameyarudia kichwani mwake mara nyingi kuliko jina lake mwenyewe.

Kiwandani, mwendesha mashine aliyekaa naye meza moja ametusimulia alichokiona. "Alikuwa anazitupia mdomoni kama njugu. Nikamwambia, we Gundi, vipi? Akasema, 'Nimepewa na dada yangu, unataka cheti gani tena?' Chakula hakuna. Alikuwa hawezi kutafuna. Ni chai na vidonge, chai na vidonge, na kushona."

Ijumaa asubuhi Gundi akatapika. Akatapika tena mchana. Akasema ana kitu kinamuuma chini ya mbavu, upande wa kulia. Mkewe akadhani ni njaa, akampikia uji mwepesi. Gundi akajikaza kisabuni, akarudi kazini.

Jumamosi akawa nafuu. Hapa naomba mnisikilize kwa makini. Jumamosi akawa nafuu. Kichefuchefu kilipungua, jino lilinyamaza, akatania. Mchana walikutana kwa mama yao, yeye na mkewe na binti yao na dada mtu. Gundi alikaa kwenye kiti karibu na dirisha. Mwanga ukampiga usoni. Dada mtu akaona weupe wa macho yake si mweupe tena. Ulikuwa kama karatasi ya zamani.

Akamvuta pembeni. "Kaka, umekunywa ngapi zile dawa?"

"Nimekunywa ulizonipa."

"Zipi?"

"Zote. Kwa zamu. Nyingine zikichelewa, natanguliza nyingine." Akacheka. "Kwani nilitakiwa nizihesabu?"

Dada mtu alijua kiwango. Mtu mzima, vidonge vinane kwa siku, basi. Akapiga hesabu haraka, akafika ishirini na kidogo. Akamtazama kaka yake: anatembea, anacheka, anamtania mama kuhusu pazia. Akajisemea kwamba mtu mgonjwa hachezi hivi. Akajisemea kwamba macho yale ni mwanga wa dirisha. Akamwambia, "Basi usinywe tena." Akaishia hapo.

Hakumwambia wifi yake. Hakumwambia mama. Hakusema, twendeni hospitali sasa hivi. Siku nzima ya Jumamosi ikapita hivyo.

Jumapili asubuhi mkewe alimkuta Gundi sebuleni, amekaa sakafuni na kazi aliyokwenda nayo nyumbani. Alikuwa amevika majalada vitabu kumi na moja. Vyote kichwa chini, miguu juu. Mtu wa miaka ishirini na miwili kazini. Mkewe akamwuliza kulikoni, naye akamwita kwa jina la mama yake. Fizi zilikuwa zinavuja damu. Sasa macho yalikuwa njano ambayo hata mtoto angeiona.

Wakampeleka hospitali. Chumba cha mapokezi kilikuwa na benchi refu na ukuta uliopakwa rangi ya kijani nusu. Daktari alikuwa mwanamke mfupi, amevaa raba, anaongea taratibu. Akamwambia Gundi anyooshe mikono mbele, viganja vimesimama, kama trafiki anayesimamisha magari. Viganja vya Gundi vikawa vinaanguka na kuinuka, vinaanguka na kuinuka, na mwenyewe hajui.

Daktari akageuka kwa familia. "Amekunywa dawa gani, kiasi gani, tangu lini?"

Mke wa Gundi akasema, "Vidonge vya jino. Wifi yangu anajua zaidi, yeye yuko duka la dawa."

Wote wakamtazama. Daktari, wifi, mama. Dada mtu akafungua mdomo, na kilichotoka ni hiki: "Vile vyeupe tu. Viwili viwili. Kawaida."

Alidanganya, wasikilizaji wapendwa. Ametaka tuseme neno hilo hilo, tusiseme alisahau, tusiseme alichanganyikiwa. Aliogopa mwenye duka. Aliogopa kupoteza cheti. Aliogopa macho ya wifi yake. Akajipa moyo kwamba kaka yake akitundikiwa dripu atapona, na hakuna atakayejua.

Daktari akaandika. Kwa kuwa dawa zilikuwa "kawaida", akaenda kutafuta kwingine. Akauliza kama kuna mwenye homa ya ini nyumbani. Kama Gundi amekula uyoga wa porini. Kama amekunywa dawa za mizizi, au dawa za kifua kikuu. Damu ikachukuliwa, ikapelekwa maabara. Saa zikaanza kukatika.

Mke wa Gundi alikuwa anajibu maswali yote kwa uaminifu, moja baada ya jingine, huku anajipekua mwenyewe kama anayetafuta ufunguo. Halafu akasema, na machozi yakamtoka, "Labda ni maji. Jumanne gesi iliisha, sikuyachemsha. Daktari, labda ni mimi."

Dada mtu alikaa pembeni yake, bega kwa bega. Akamwacha aseme hivyo. Akamwacha alie. Akampa hata leso.

Ilikuwa saa tatu asubuhi walipofika. Ilikuwa saa saba mchana, wifi yake alipotoka kumfuata binti, ndipo dada mtu alipoinuka. Akamkuta daktari kwenye korido, ananawa mikono.

"Daktari, nimekudanganya."

Daktari akafunga bomba. "Sema."

Akasema. Nyeupe, nyekundu, za unga. Siku nne kamili. Zaidi ya ishirini kwa siku. Tumbo tupu. Alipomaliza alisubiri matusi. Hayakuja. Daktari alikuwa ameshaanza kutembea, anamwita muuguzi, anaagiza dawa iitwayo asetilisisteini itundikwe sasa hivi. Mlangoni akageuka mara moja. "Ukikumbuka kitu kingine, usingoje nikuulize."

Nilimtafuta daktari huyo, naye kwa ruhusa ya familia akakubali kuzungumza nasi. Nilimwuliza swali ambalo nyote mnajiuliza. Je, zile saa nne ndizo zilizomuua?

"Sijui," akasema. "Ningependa kukupa jibu zuri zaidi. Asetilisisteini inafanya kazi vizuri sana ikitolewa ndani ya saa nane tangu mtu azidishe dawa. Ikichelewa bado inasaidia, ndiyo maana tunaitoa hata siku ya tatu, lakini inasaidia pungufu. Yeye alikuja amechelewa tayari. Jumamosi ingekuwa bora sana kuliko Jumapili. Saa tatu ingekuwa bora kuliko saa saba. Zaidi ya hapo siwezi kuapa."

Nikamwomba atueleze ini linavyoanguka. "Parasetamoli ni dawa nzuri," akasema. "Hata mimi naitumia. Ukinywa kwa kiwango, ini linaisafisha bila shida. Ukizidisha, inabaki taka yenye sumu, na ini linaishiwa nguvu ya kuizima. Asiyekula ndiye anayeishiwa mapema, na mnywaji wa pombe pia. Ini likianguka, kila kitu kinakosa mwenyewe. Damu haigandi, ndiyo maana fizi zinavuja. Sukari inashuka. Taka zinapanda kwenye ubongo, mtu anachanganyikiwa, analala mchana, mwisho hazinduki. Na si parasetamoli peke yake. Virusi vya homa ya ini vinaweza, uyoga wa sumu unaweza, baadhi ya mitishamba, hata baadhi ya dawa za hospitali. Watu wanasubiri macho yawe njano. Msisubiri. Ukijua mtu amezidisha, mlete akiwa anacheka."

Mlete akiwa anacheka. Narudia maneno ya daktari: mlete akiwa anacheka.

Jumatatu, siku ambayo Gundi aliahidi kung'oa jino, alipata nafuu ya akili kwa muda mfupi. Dripu moja ya sukari, dripu nyingine ya dawa. Dada mtu alikuwa kando ya kitanda. Gundi akamtambua. Akatabasamu, midomo imekauka.

"Bibi Dawa. Jino limeacha kabisa."

"Pumzika, kaka."

"Dawa zako kiboko."

Halafu akauliza kama vile vya darasa la nne vimekauka. Akaambiwa vimekauka, vimeshachukuliwa. Akasema vizuri. Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho yaliyoeleweka.

Jumanne hakuzinduka tena. Wakamhamishia chumba cha wagonjwa mahututi, wakamwekea mashine ya kupumulia. Daktari akaieleza familia kwamba iliyobaki ni njia moja, kumpandikiza ini jingine, au kipande cha ini la mtu mzima mwenye afya. Dada mtu alisimama kabla sentensi haijaisha. "Nikateni mimi." Wakampima damu, ikalingana. Lakini upasuaji huo haufanyiki hospitali ile. Unafanyika mbali, na ubongo wa Gundi ulikuwa umeshavimba. Asingefika hata nje ya geti. Daktari alimweleza mara mbili, na mara mbili dada mtu akakunja mkono wa nguo, kana kwamba shida ilikuwa sindano.

Jumatano, saa tisa alasiri, Gundi akafariki.

Msibani walikuja watu wengi. Mwalimu wa kamusi alikuja. Mwendesha mashine alikuja na wenzake wote wa kiwandani, mikono yao ikiwa bado na wino. Na kila aliyeingia alimshika dada mtu mkono akamwambia, pole, umemhangaikia sana kaka yako. Pole, hukulala. Pole, ulitaka hata kumpa ini lako. Kila pole ilikuwa inamkata. Wifi yake alikuwa bado anaamini ni maji. Alikuwa anachemsha maji ya kunywa, yakichemka anayachemsha tena.

Wiki mbili dada mtu alinyamaza. Mhenga alisema mficha maradhi kilio humfichua. Lakini yeye alificha kilio chenyewe, na hakuna kilichomfichua. Ilibidi ajifichue mwenyewe.

Alifanya hivyo jikoni kwa mama yao, asubuhi, mama akichagua mchele na wifi yake akiosha vyombo. Alisema yote. Alianza na Jumatatu akamalizia na korido. Vyombo vikaacha kugongana.

Wifi yake akageuka, mikono inachuruzika. "Ulikuwa umekaa pembeni yangu," akasema. "Nilisema ni maji. Ukanipa leso."

"Ndiyo, wifi."

Akafuta mikono, akamshika binti yake, wakaondoka. Miezi mitano hakusema naye tena.

Mama aliendelea na mchele. Kisha akasema, bado ameinama, "Alhamisi alipita hapa. Akasema zake zimemwishia kabla hajafika nyumbani. Nilimpa vinne kwenye kopo langu la dawa za mgongo." Akatoa kijiwe, akakiweka pembeni. Baadaye mwendesha mashine naye alikuja akasema alimpa viwili, na mkewe Gundi alimpa viwili Ijumaa, baada ya kutapika. Kila mtu alidhani vyake ndivyo vya kwanza. Kila mtu alimpa kwa upendo.

Dada mtu alipiga magoti mbele ya mama yake, akidhani amepata mwenzake wa kubeba lawama. Lakini mama alikuwa hajamaliza. "Mimi sikuulizwa na daktari," akasema. "Wewe uliulizwa." Akamwacha pale chini kidogo, kisha akamwambia ainuke amsaidie sufuria.

Wasikilizaji wapendwa, nimeisoma barua hiyo mara nyingi kabla ya kukaa mbele ya kipaza sauti hiki. Nilitafuta mahali ambapo mama anamwambia amemsamehe. Hapapo. Kuna sufuria tu, na wao wawili wanaishusha pamoja.

Dada mtu alikwenda pia kwa mwenye duka, akaweka cheti chake mezani. Mwenye duka ni mzee mkali, hana maneno mengi. Akakisukuma kikarudi. "Nikikufukuza utaenda kukaa ndani ulie. Nani atafaidika? Kesho saa mbili uwe kaunta. Na kila anayetaka dawa ya maumivu, umwulize kwanza." Akamwandikia onyo kwenye faili, akasaini.

Basi sasa anauliza. Umekunywa dawa gani nyingine tangu jana? Umekula? Nani mwingine amekupa? Watu wananung'unika. Wanasema duka hili siku hizi lina mahakama. Wengine wanakwenda duka la ng'ambo ya barabara, ambako hawaulizwi. Yeye anaendelea. Anasema haimpunguzii kitu. Anasema hafanyi ili imponye.

Mwezi uliopita, foleni ikiwa ndefu, aliinua macho akamwona wifi yake mlangoni. Binti yupo naye, amejifunika kanga, ana homa. Hawakuwa wamesemezana tangu siku ya jikoni. Wifi hakwenda duka la ng'ambo. Alipanga foleni kama watu wengine, akafika kaunta, akaweka mikono yote miwili juu ya kioo.

Dada mtu alimtazama binti wa kaka yake. Angeweza kutoa dawa tu, akaepuka ile aibu. Akauliza.

"Amekunywa dawa gani nyingine tangu jana?"

Wifi yake akamvuta binti karibu na kaunta.

"Hajanywa kitu," akasema. "Nimekuja kwako kwanza."

Binti akanyoosha mkono, apimwe joto. "Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu."

Alimpima. Akahesabu vidonge mbele yao, kimoja kimoja, kwa sauti. Akaandika saa kwenye bahasha. Wifi yake akasoma ile bahasha yote, mpaka mwisho, akaikunja, akaiweka kwenye mkoba. Hakuaga. Lakini siku ya pili alituma neno kwamba homa imeshuka.

Kwa mama aliyempoteza kifungua mimba wake, pole. Kwa mjane, pole sana, na tunasema hewani ili lisikike hadi jirani wa mwisho: hayakuwa maji. Kwa binti wa Gundi, baba yako alijalidi vitabu ambavyo watoto mia sita wa darasa la nne wanavifungua asubuhi ya leo. Kwa wenzake wa kiwandani, poleni. Na kwako, dada mtu, pole na wewe. Uliomba tusikutetee, na hatujakutetea.

Sisi wengine tuliobaki, tukae na jambo moja. Ni mara ngapi tumempa mtu tunayempenda kidonge bila kumwuliza amekunywa nini kabla ya hapo? Na siku tukiulizwa sisi, na daktari, na mbele ya watu wetu, tutajibu nini?

Nawaachia dakika moja ya ukimya. Anayetaka kwenda kufungua droo yake, aende.